Hilux 5L na Hilux GD, ipi inadumu Bongo? Tumefungua nozeli gereji ya Ilala

Wadau, habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nimekuja nimekasirika, nawaambia ukweli. Ukipita kwenye yadi za magari hapa Dar, dalali wa kwanza anakwambia, "Bosi, chukua ya zamani, injini hizi hazifi." Ukivuka barabara, wa pili anakwambia, "Achana na makweche hayo, chukua GD, mambo ya kisasa." Wote wanauza, sawa, ni kazi yao. Lakini hakuna hata mmoja atakayekuuliza dizeli unajaza wapi. Na kwenye pikapu ya dizeli hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya rangi, kabla ya kilomita, kabla ya bei.

Nyuma yangu mnaziona mbili. Hii nyeupe ni Hilux yenye injini ya zamani ya 5L. Hii ya kijivu ni Hilux yenye 2GD, ile ya lita 2.4 iliyoanza kutoka mwaka 2015. Zote ni za wadau wa chaneli hii, wametuachia tangu asubuhi, Mungu awabariki. Bodi, siti, redio, hayo mnayajua, siyagusi. Leo ni injini tu.

Namba chache halafu tuingie kazini. 5L ina cc 2,986, haina tabo, ile ya kuisukumia injini hewa, na torki yake, yaani nguvu ya kuvuta, ni kama Nm 200 hivi. 2GD ina cc 2,393, ndogo kwa zaidi ya nusu lita, lakini ina tabo na inatoa hadi Nm 400. Mara mbili! Aliyewahi kupandisha mlima Kitonga na tani moja mgongoni anajua maana ya hiyo. Na 5L unapandisha kwa gia namba mbili, malori yanakupigia honi nyuma, na jasho linakutoka. Kwa nguvu hakuna mjadala, tusipoteze muda. Mjadala ni kudumu.

Sasa njoo, sogeza kamera hapa. Huyu ni mzee wetu, fundi pampu. Shikamoo mzee. Anaitikia, lakini hataki sura yake ionekane, kwa hiyo mtaona mikono tu. Na mikono yenyewe inatosha.

Hii aliyoshika ni nozeli ya 5L, kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya injini. Ameifunga kwenye mashine ya mkono, unaona hii geji na huu mpini. Mzee, bonyeza taratibu. Angalieni mshale... unapanda... unapanda... haya! Mmeiona? Mmesikia ilivyolia? Ule mlio wa kukoroma ndio afya ya nozeli. Na dizeli imetoka ukungu, haikutoka michirizi. Rudia mzee. Safi. Presha yake ya kufunguka ni baa mia moja na kitu. Kufunguka kwa presha hiyo tu ndiyo kazi ya nozeli hii.

Sasa weka ile mbovu. Angalia ncha. Mshale haujafika popote na tayari inadondosha. Tone, tone, tone. Gari yenye nozeli hii asubuhi inatoa moshi mweupe, inagonga, inakula mafuta, lakini, sikilizeni hapa, inakwenda. Itakufikisha Chalinze, itakufikisha Morogoro, utalalamika njia nzima lakini utafika. Halafu mzee anaifungua, anaiosha, anabadilisha ncha, anaongeza shimu, kile kisahani chembamba, kama presha iko chini, anairudisha kwenye mashine, anapima. Kazi ya asubuhi moja. Hakuna kompyuta, hakuna namba za kuingiza kwenye kompyuta, na ncha mpya haifiki laki. Mimi hiki kitu nakipenda, siwezi kuficha. Ni ufundi unaouona kwa macho na kuusikia kwa masikio.

Sasa tuweke pembeni, tuchukue hii. Injekta ya komoni reli, mfumo ambao injekta zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa. Mzee haiweki kwenye mashine yake, na ana haki, kwa sababu hii inafanya kazi kwenye presha inayoweza kuvuka baa 2,000. Tofauti na mia moja na kitu mmeiona? Na haifunguki yenyewe kwa presha. Inafunguliwa kwa umeme, kompyuta inaiamuru, na kwenye mzunguko mmoja inapuliza zaidi ya mara moja: kidogo kwanza, halafu yenyewe, wakati mwingine tena mwishoni. Ndiyo maana GD haigongi kama 5L. Washa ile ya kijivu, tusikie. Mnasikia? Nasimama mbele ya boneti na bado naongea sauti ya kawaida. Washa na 5L... Haya, zima, zima.

Tatizo liko ndani. Nafasi kati ya sindano na mwili wake ni mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Tena kinacholainisha humo ndani, kuanzia pampu ya presha mpaka sindano, ni dizeli yenyewe. Hakuna oili inayofika huko. Sasa mtu akikuuzia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, amekuuzia kitu kikavu. Au ikiwa na maji, maji hayalainishi chochote, yanaleta kutu. 5L nayo inaumia, msidanganyike, pampu yake pia inalainishwa na dizeli. Ila inaumia polepole na inakupigia kelele mapema. Komoni reli inaweza kukukatikia katikati ya foleni ya Ubungo, taa ya injini imewaka, na injekta moja mpya og, yaani orijino, inaweza kuvuka milioni. Ziko nne. Na fundi anayezibadilisha lazima aingize namba maalumu ya kila moja kwenye kompyuta ya gari, asipoingiza utakuwa na gari inayotetemeka na kutoa moshi na hela imeshakwenda.

Mchezo huo wa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kweli nchi hii. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuliko dizeli. Na 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi salfa ppm 50, yaani sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo dizeli ya kituo kinachoeleweka leo siyo ile ya zamani. Tatizo ni dumu la njiani. Angalieni hii chupa. Hii ni dizeli ya dumu, tumeiacha itulie tangu tulipofika. Sogeza karibu. Huo mstari chini mnauona? Hayo ni maji. Sasa chukua picha hiyo, iingize kwenye nafasi ya mikroni chache kwa baa 2,000.

Na hapa ndipo namalizana na dalali wa kwanza. Zamani na zamani hazilingani. 1KZ-TE ni ya zamani, ya miaka ya 90, na waliokuwa na Hilux Surf wanajua ilivyokuwa: ikichemka mara moja tu, silinda hedi inaweza kupata ufa. Hiyo ni ya kuihurumia maji ya rejeta kila asubuhi. Ukitaka zamani iliyosimama, sema 5L, sema 3L, sema 1HZ ya kwenye Land Cruiser mkonga, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, haina haraka, haina stresi. Lakini 5L unayoiona yadi leo imeshashushwa injini mara ngapi? Ringi gani zimewekwa, og au feki? Jina la injini halikuambii hilo.

Na wa pili naye asikilize. Ukiniuliza chuma chenyewe cha GD, bloku, kranki, sina shaka nacho. Ina cheni ya taimingi, wakati 5L, 1HZ na hata 1KD ya Vigo na Prado zina mkanda unaotakiwa kubadilishwa, na wengi wenu mnausahau mpaka ukatike. Sijamaliza. Kuna chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF. Gari mpya nyingi za soko letu hazina, ila ukiagiza iliyotumika Japani unaipata nalo. Lile linajisafisha kwa joto, na joto linataka mwendo. Sasa wewe kila siku ni Mbezi hadi Posta, foleni, kilomita kumi kwa saa, joto litatoka wapi? Australia jambo hili lilifika mahakamani, Hilux, Prado na Fortuner, magari zaidi ya 260,000 ya 2015 mpaka 2020, na mwaka 2022 mahakama ilisema yaliuzwa yakiwa na kasoro. Toyota walikuja kuweka swichi ya kulisafisha mwenyewe. Kabla hujaagiza, uliza kama ina DPF, na kama ipo, kila wiki ipeleke barabara ya Bagamoyo ikakimbie.

Naona watu wa Isuzu mmeshaanza kuandika. Najua! Injini yenu ya 4JJ1 inakuja na video yake, nimeahidi na nitafanya. Ni komoni reli, ina cheni, lita 3.0, na inaheshimika mpaka mashambani. Mwenye Nissan Navara yenye injini ya YD25 naye aje, tuzungumzie ile cheni yake vizuri. Na ambaye hajajiunga na chaneli, bonyeza hapo chini, hiyo ndiyo inatuletea magari ya kupima bila kuomba yadi yoyote.

Mtaniuliza hela ikiwa yangu nachukua ipi. Kama nakaa Dar, najaza kituo kimoja ninachokiamini na nabadilisha filta ya dizeli kabla ya muda wake, nachukua hii ya kijivu, tena bila kusita, kwa sababu kila siku nitaifurahia. Kama pikapu inakwenda kukaa shamba Mpanda na dizeli inakuja kwa dumu, naacha kijivu hapa hapa, naondoka na nyeupe, na ncha nne za nozeli kwenye droo. Bei ya nyeupe inaniudhi lakini, iliyosimama vizuri wanaitaja kama vile ni mpya.

La mwisho, na hili ni la wenye 1KD, Vigo na Prado za lita 3.0, maana mko wengi sana mjini. Chini ya injekta zenu kuna washa za shaba, vile vipete bapa vya kuzuia kuvuja. Zikivuja, moshi wa silinda unaingia juu kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la pampu ya oili kule kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini inakufa kwa kiu huku kijiti kinaonyesha oili imejaa. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta masizi magumu meusi, au asubuhi inagonga halafu inatulia, usisubiri sevisi ijayo. Mwambie fundi ashushe sampu aangalie chujio, na washa abadilishe zote nne, siyo ile moja inayovuja.