Presha kuka kwenye nyumba isiyopika nyama: uzoefu wangu

Nyumba isiyopika nyama inaishi kwa maharage, kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe, na karibu vyote hivyo vinakula moto. Sisi ni Wasabato, tunaishi Mbeya, na nyama tuliiacha zamani. Kilichokuwa kinatusumbua ni mkaa. Ukitaka maharage ya mchana, jiko liwake asubuhi. Kwa hiyo ukiwa na haraka unarudi kwenye mchicha na kabichi, siku baada ya siku, na watoto ikifika saa kumi wana njaa tena. Watu wanasema chakula kisicho na nyama hakishibishi. Kinashibisha sana, ila kinataka mikunde iwepo mezani kila siku, na hapo ndipo presha kuka ilipotusaidia.

Yangu ni ya kawaida, ya alumini, lita 5, ya kuweka juu ya jiko la gesi, yenye kile kichuma kizito kinachokaa juu ya mfuniko na kupiga mluzi. Nimeitumia muda wa kutosha kuizungumzia bila kubahatisha.

Kwanza niseme kwa nini huku kwetu ina maana kubwa kuliko Pwani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Unaweza kuongeza moto upendavyo, maji hayapandi zaidi ya hapo. Ndiyo maana mgeni kutoka Pwani akipika maharage huku anadhani ameuziwa mabovu. Ndani ya presha mvuke unafungiwa, na joto linapita nyuzi 115. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa dakika 20 tangu mluzi uanze. Yasiyolowekwa yanakwenda 40 au zaidi kidogo. Ya njano, hasa Njano Uyole iliyotoka kwenye kituo cha utafiti hapa Uyole, yanaiva mapema na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe. Yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita yanataka muda zaidi, lakini hata hayo yanalainika.

Na yanalainika bila magadi. Hili kwangu ni kubwa kuliko gesi niliyookoa. Wengi tumezoea kutia magadi kwenye makande na maharage magumu ili yaive upesi, lakini magadi yanaharibu vitamini B1, na asiyekula nyama hana sababu ya kuipoteza, kwa sababu mikunde ni moja ya mahali anapoipata. Tangu nipate presha, magadi hayajaingia jikoni kwangu.

Njugu mawe zilikuwa chakula cha kupikwa siku ya mapumziko tu. Sasa naziloweka jioni, kesho yake zinakaa kwenye presha kama saa moja, natia chumvi, tunakula na chai. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na maharage yaliyolowekwa yanachukua dakika 45. Choroko sina haja ya kuziloweka, dakika 10 zinatosha, ukizidisha zinakuwa uji. Mbaazi kavu zilizolowekwa ni robo saa. Ndizi za Tukuyu zinaiva upesi sana, ila sizipiki humo mara kwa mara kwa sababu napenda kuzigusa na mwiko nikiona zinavyolainika.

Siku ambayo naisifu zaidi ni Ijumaa. Sabato haianzi na kupika, hivyo chakula cha kesho lazima kiwe tayari kabla jua halijazama. Zamani Ijumaa mchana wote ulikuwa wa kupuliza moto. Siku hizi maharage yanachemshwa nikiwa naogesha watoto, na maandalio mengine yanapata nafasi yake.

Tui la nazi na karanga usiviweke chini ya presha. Tui linakatika, na karanga zinashika chini na kuungua huku huoni kitu. Chemsha mikunde kwanza na maji na chumvi, fungua, ndipo uunge: kitunguu, nyanya, karoti, hoho, halafu tui mwishoni kwenye moto mdogo. Mbaazi za nazi zilizoungwa hivyo sioni tofauti na za chungu. Kuna wazee wanaosema maharage ya presha hayana ladha, na nawaelewa, kwa sababu wengi wanayala yakiwa yamechemshwa tu bila kuungwa vizuri.

Kisamvu kinahitaji uangalifu wa pekee. Majani ya muhogo yana sumu ambayo inatoka na mvuke, kwa hiyo ukishayatwanga yachemshe kwanza kwenye sufuria iliyo wazi. Baada ya hapo ndipo yaingie kwenye presha yakalainike. Mchicha, matembele na figiri havina kazi na chombo hiki kabisa.

Hofu ya kulipuka ni ya kweli na siidharau. Mikunde inatoa povu, na povu likiziba kitundu cha mvuke ndipo hatari inapoanza. Usijaze zaidi ya nusu, tia kijiko cha mafuta, na kila ukiosha elekeza mfuniko kwenye mwanga uone kama kitundu kimepenya. Mfuniko usifunguliwe kwa nguvu hata siku moja. Ukikataa, bado kuna mvuke. Mimi huzima moto na kuiacha ipoe yenyewe, na maharage hayapasuki maganda.

Malalamiko ninayo. Mpira wa mfuniko unakauka na kulegea, mvuke ukaanza kuvuja pembeni na mluzi hausikiki, na dukani nilikonunua hawakuwa na mpira wa saizi hiyo. Nilihangaika sokoni Mwanjelwa mpaka nikaupata. Skrubu za mpini nazo zinalegea, nazikaza mara kwa mara. Tena lita 5 ukikumbuka kwamba mikunde haipiti nusu ni ndogo kwa familia yenye wageni. Ya umeme nimeipikia kwa dada mmoja wa kwaya: inajizima yenyewe, hakuna cha kusubiri mluzi, ila presha yake iko chini kidogo hivyo dakika zinaongezeka, na umeme ukikatika katikati chakula kinabaki njiani. Kwa mwenye umeme wa uhakika na watoto wadogo wanaozunguka jikoni, ningemshauri hiyo.

Naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeondoka na mpira. Ukienda kununua, chukua lita 7, mwambie muuzaji akuonyeshe mpira wa akiba wa saizi hiyo hiyo, na uulipie papo hapo pamoja na chombo.