Land Cruiser ya hema juu, Arusha hadi ukingo wa Ngorongoro: kagua umeme kwanza

Kwa safari ya pole pole ya maziwa na milima ya kaskazini, Land Cruiser ya kukodi yenye hema la kukunja kwenye keria ndiyo gari la kulala linalofaa zaidi kutoka Arusha. Injini haina shida: 1HZ, ile ya dizeli ya Toyota, ni nzito kupanda, lakini fundi wa Karatu anaifungua akiwa amefumba macho.

Shida ni umeme. Friji ya volti 12 ikinguruma hula kama ampea 4. Betri ya pili, ile ya friji, ya ampea-saa (Ah) 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 za kutumia. Ukiegesha Mto wa Mbu siku nzima kwenye joto lile bila kuwasha gari, kesho yake nyama inaanza kuharibika. Baya zaidi, baadhi ya magari friji imeungwa kwenye betri ya kuwashia. Asubuhi ukizungusha funguo unasikia "tik" basi. Kabla ya kulipa, gari likiwa limezimwa, mwambie mwenyewe achomoe betri ya kuwashia. Friji lazima iendelee. Ikizima, achana na gari hilo.

Hema nalo lifunguliwe palepale uwanjani. Nusu ya sakafu yake huning'inia nje ya gari na kubebwa na ngazi, kwa hiyo kwenye udongo laini weka kipande cha ubao chini ya miguu ya ngazi, la sivyo usiku sakafu inainama. Pitisha zipu zote na utafute matundu kwenye wavu (Mto wa Mbu haukupewa jina hilo bure). Hema likinuka ukungu, ujue lilikunjwa likiwa bichi. Na kaza nati za keria kila jioni baada ya barabara ya vumbi, mtikisiko huzilegeza. Hema la watu wawili, tuseme ukweli, ni la watu wawili wanaopendana.

Usiku wa kwanza lala Ziwa Duluti, pale Tengeru. Kitu kikigoma, mafundi wa mjini wako karibu. Siku ya pili ni Kisongo, Makuyuni, kisha kulia hadi Mto wa Mbu. Lami tupu, ila vijijini ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wana tochi za kupima mwendo. Jaza mafuta na gesi Karatu, usisubiri mbele. Lami inaishia Loduare, lango la kuingia Ngorongoro.

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko juu ya meta 2,200, na upepo unapita chini ya sakafu ya hema: blanketi moja halitoshi, na godoro la sponji la inchi mbili ni mzaha. Chakula chote kifungiwe ndani ya gari, wanyama hupita kambini usiku.

Kushuka kreta? Kulala ndani ya kreta hakuruhusiwi, na ada ya kushuka hutozwa kwa gari, si kwa kichwa. Mkiwa wawili inauma. Mkiwa wanne au watano inakubalika.

Kurudi, mteremko wa kuingia Mto wa Mbu uchukue kwa gia ya pili. Keria imebeba uzito mwingi juu, na wanaoshuka kwa breki tupu hufika chini pedi zikinuka moto.