Oringi za FKM: tazama kilichotokea kwenye dizeli

Haya, karibuni tena. Leo ni mpira wa kuziba uvujaji kwenye mashine. Hizi za kahawia ni oringi, yaani pete za kuzibia, za FKM, mpira wenye florini. Mafundi wengi wanaziita zote Viton, lakini Viton ni jina la biashara, DuPont ndio walioanza kuuza kwa jina hilo 1957. Hizi nyeusi ni nitraili, mpira wa kawaida wa kuzibia mafuta, mnazijua, napita. Na hii nyeusi nyingine ni EPDM, aina ya tatu ya mpira. Nazileta karibu na kamera. Nani anaweza kuzitofautisha kwa macho? Hapo ndipo napandwa na hasira, maana madukani zinachanganywa boksi moja, hazina hata alama!

Sasa sogeeni. Zote zilikuwa saizi moja, zimelala kwenye dizeli tangu jana. Natoa FKM, naifuta, naiweka kwenye mfereji wake... imekaa. Nitraili... nayo imekaa, safi. EPDM sasa. Mmeona? Imevimba! Nabonyeza upande huu, inachomoka upande ule. Naijaribu tena, polepole... haiingii. Na imelegea, ukucha wangu unaichuna. Ukiifunga hii kwenye pampu ya dizeli, umejifungia uvujaji.

Lakini usiitupe. Mafuta ya breki, yale yenye alama ya DOT 3 na DOT 4, EPDM ndiyo mahali pake. Maji ya moto na mvuke pia. Ukipeleka FKM kwenye breki ati kwa sababu ni ghali, mafuta yale yataiharibu, na hapo tunazungumzia roho za watu.

Mlioomba sili za krenki, video inakuja, bonyezeni kengele.

FKM inang'ara kwenye joto. Inafika kama nyuzi 200 za Selsiasi, wakati nitraili ya kawaida ikizidi 100 kwa muda mrefu inakauka na kupasuka. Ndiyo maana FKM utaikuta kwenye injini za ndege na viwanda vya kemikali. Baridi ndiyo adui yake. Januari 1986 chombo cha anga Challenger kiliangamia na watu saba, kwa sababu oringi za jamii hii zilikakamaa kwa baridi ya asubuhi ile zikashindwa kuziba. Mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha oringi hizo, akakizamisha kwenye maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokiachia, hakikurudi upesi.

Na nawaomba sana, msipime FKM kwa kuichoma na kiberiti! Moshi wake una gesi kali ya hidrojeni floridi, inaunguza mapafu na ngozi.

Bei? Mara kadhaa ya nitraili. Kusema kweli, kwa haidroliki za kawaida, mitambo inayosukumwa kwa mafuta, mimi nabaki na nitraili, ila usinunue zilizotundikwa juani. Jua na ozoni, gesi iliyo hewani, huzipasua. FKM nunua kwa mafuta yanayopata moto sana. Andika hapo chini mashine yako inapitisha nini na joto lake linafika wapi, nitakujibu uweke mpira gani.