Miaka mitatu na msafirishaji wangu: haya ndiyo niliyoyaona kwa viongozi wake

Nauza vigae, mzigo mzito na mwepesi kuvunjika. Kampuni ninayoitumia sasa nilianza nayo ikiwa na malori 9. Leo yamepita 40. Wenzangu huniuliza juu ya malori yenyewe. Mimi huwaeleza juu ya wanaoyaongoza, maana malori mazuri niliyapata kwingine pia na vigae vikafika vipande.

Aliyenibakiza ni meneja wa operesheni. Mwaka wa kwanza nilimwomba aniongezee paleti mbili, yaani majukwaa ya mbao yaliyopangwa vigae, kwenye trela ambalo kwa macho yangu lilikuwa nusu tupu. Akakataa. Nikapandisha sauti, mbele ya vijana wa kupakia. Akanivuta pembeni: "Kaka, vigae vinamaliza uzito kabla havijamaliza nafasi. Ekseli, vyuma vinavyoshika magurudumu, zimeshabeba mwisho wake. Nikikuongezea, kwenye mteremko breki zitachemka, na atakayekuwa kwenye usukani si mimi wala wewe." Paleti zile ziliondoka kesho yake na lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha, kwa nauli ndogo kuliko niliyokuwa tayari kulipa. Nilikuwa nimezoea wasafirishaji wanaosema "pandisha tu, tutafika". Huyu alikataa pesa iliyokuwa mkononi kwa ajili ya dereva wake, na tangu siku hiyo uzito nauandika mwenyewe kabla ya kumpigia.

Mkurugenzi alianzia kwenye usukani, na hilo linaonekana. Madereva wake wana mshahara; hawalipwi kwa idadi ya safari, kwa hiyo hakuna anayekimbizana na barabara ili apate ya pili. Na dereva akiendesha saa 4 na nusu, lazima apumzike dakika 45. Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Yeye ameichukua bila kulazimishwa na mtu. Mwanzoni ilinikera, mzigo ukifika jioni badala ya mchana. Lakini nimeacha kuamshwa usiku na simu za ajali, na dereva anayeniletea mzigo ni yule yule tangu mwaka wa pili. Anajua geti langu lilivyobana na anajua kamba nataka zikazwe wapi.

Fundi mkuu sijazungumza naye sana. Nilimwona mara moja akilizuia lori lililokwisha kupakiwa, kwa sababu ya tairi la mbele lililopasuka ubavuni, huku mkurugenzi akiwa kwenye simu anahimiza. Lori halikutoka mpaka tairi likabadilishwa.

Sasa upande wa hesabu. Huko wamekua kuliko uwezo wao. Ankara huchelewa wiki mbili, tatu. Safari moja nilitozwa gharama za kusubiri za lori ambalo halikubeba mzigo wangu kabisa, na kurekebishiwa kulichukua siku 11, kwa kuwa kila marejesho, hata yawe madogo vipi, sharti mkurugenzi mwenyewe atie sahihi. Kwa malori 9 hilo liliwezekana. Nilimwambia ana kwa ana atafute mtu wa fedha na ampe mamlaka kamili, kama alivyompa meneja wake wa operesheni. Alisikiliza, akaandika kwenye daftari. Ni miezi sita sasa na sahihi bado ni yake.

Mzigo wa wiki ijayo nimewapa wao. Ila kila malipo nayaambatisha na nakala ya hati ya makabidhiano, yenye namba ya lori.