Jupiter na Zeiss mbele ya Ziwa Tanganyika: lenzi za zamani na za sasa za kamera za renjifainda

Mji wa Kigoma umeelekea magharibi, na kila anayepiga picha hapa hujipanga kwa kufuata jambo hilo. Asubuhi jua hutokea nyuma yetu, likaangaza maji na, siku ambazo hewa imesafishwa na mvua, likaidhihirisha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kuanzia alasiri jua hilo hilo huwa mbele ya kamera, na uso wa maji hulirudisha kwa nguvu hadi usiku uingie. Naanza na jua kwa sababu ndilo lililoamua tofauti kati ya lenzi za zamani na za sasa nilizozilinganisha, kuliko ukali wa picha ambao ndio watu huuzungumzia zaidi.

Lenzi zenyewe ni nne, na zote zilibuniwa kwa ajili ya kamera za renjifainda, yaani kamera ambazo mpiga picha hachungulii kupitia lenzi bali kupitia kidirisha kilicho pembeni, akapata fokasi kwa kuzilaza taswira mbili ndogo moja juu ya nyingine. Kamera hizo hazina kioo kinachopanda na kushuka ndani yake, na kwa hiyo lenzi zake huweza kuwa ndogo na kukaa karibu sana na filamu. Katika milimita 50 (urefu wa fokasi; namba ikipungua lenzi huona eneo pana zaidi) nimetumia Jupiter-8 ya f/2 (f ni kipimo cha uwazi, yaani tundu la kupitisha mwanga; namba ndogo ni uwazi mkubwa), iliyotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, na Planar ya f/2 ya Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, ya familia ya ZM iliyotangazwa mwaka 2004 na ambayo sehemu kubwa hutengenezwa Japani na kampuni ya Cosina. Katika milimita 35 nimetumia Jupiter-12 ya f/2.8 na C Biogon ya f/2.8, nayo ya Zeiss ZM. Jupiter-8 inatokana na muundo wa Sonnar na Jupiter-12 inatokana na muundo wa Biogon, miundo miwili ambayo Ludwig Bertele aliibuni Zeiss katika miaka ya 1930 na ambayo Wasovieti waliichukua baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo anayeweka Jupiter-12 kando ya C Biogon anaziangalia lenzi mbili za ukoo mmoja zilizozaliwa katika enzi tofauti.

Zote nimezifunga kwenye Sony A7 ya kwanza, ile ya mwaka 2013 yenye megapikseli 24, kwa kutumia adapta. Kamera ya Leica, renjifainda ya Kijerumani, ni ghali mno kwa wengi wetu, nami naandika kwa ajili ya watu wanaojipatia riziki kwa harusi na mahafali, ambao wakipata nafasi hupenda kupiga ziwa na mitaa kwa nafsi zao. Adapta hazina usumbufu mkubwa. Kutoka kwenye mdomo wa Leica M hadi kwenye filamu ni milimita 27.8, na kwa lenzi za skrubu za zamani, kama Jupiter zangu, ni milimita 28.8, ndiyo maana pete yenye unene wa milimita 1 inatosha kuiweka Jupiter penye nafasi ya lenzi ya M. Katika Sony umbali huo ni milimita 18 tu, hivyo nafasi ya adapta ipo.

Nianze na zile za milimita 50. Nilizisimamisha asubuhi kwenye mteremko wa Bangwe, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, nikaelekeza ziwani kwa uwazi wa f/8. Nilipozikuza picha hizo kwenye kompyuta, katikati ya fremu sikuona sababu ya kuipendelea hata moja: mistari ya milima, mitumbwi iliyokuwa ikirudi na taa zake za dagaa, mabati ya nyumba zilizo chini, vyote vilikuwa vikali kwa namna ile ile. Pembeni kabisa Planar ilikuwa mbele kwa kiasi kidogo, ambacho kwenye picha ya kutundikwa ukutani mtazamaji angeweza kukiona iwapo tu angeisogelea sana. Kwa uwazi wa f/2 mambo hubadilika, kwa kuwa Jupiter-8 hulegea pembeni na kuweka ukungu mwepesi kuzunguka vitu vyenye mwanga mkali, ilhali Planar hubaki imara; lakini mwenye kupiga mandhari kwa f/2 mchana ni nadra, na sioni haki ya kuihukumu lenzi ya mandhari kwa kazi hiyo.

Alasiri ndipo lenzi ya zamani ilipozidiwa, tena kwa mbali. Huko Kibirizi, jua likiwa juu kidogo ya maboti, nilipiga boti moja la mbao lililokuwa limeegeshwa ubavu. Katika picha ya Planar ubavu huo ulio kivulini ni mweusi wa kweli, na ndani ya weusi huo unaona maungo ya mbao, misumari, na kamba iliyoloa ikining'inia. Katika picha ya Jupiter-8 ubavu ule ule umekuwa wa rangi ya majivu, kamba imetoweka, na duara hafifu la rangi ya zambarau limekaa katikati ya maji. Lenzi haikuwa na kasoro, wala fokasi haikukosewa. Ni mwanga uliozunguka ndani ya lenzi ukaifunika picha nzima.

Chanzo chake kinaeleweka, na ndicho kinachoifanya historia ya lenzi hizi kuwa na manufaa kwa mnunuzi. Kila mahali ambapo kioo kinakutana na hewa, kioo kisicho na utando wa kuzuia mwakisiko hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Bertele, aliyefanya kazi kabla utando huo haujaenea, alijikinga kwa kuvigandisha vioo pamoja: Sonnar ya f/2 ina vioo 6 katika makundi 3, hivyo nyuso zinazogusa hewa ni 6 tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, ambaye naye alikuwa Zeiss, alipata njia ya kuweka utando mwembamba juu ya kioo ili kupunguza mwakisiko, na Jupiter-8 yangu ina utando wa namna hiyo; ukiinamisha lenzi chini ya taa unaona rangi ya bluu iliyofifia, na kwenye pete ya mbele kuna herufi nyekundu ya Kirusi, П, inayoutambulisha. Huo ni utando wa tabaka moja. Utando wa T* ambao Zeiss iliuleta mwaka 1972 ni wa tabaka nyingi, na hudhibiti rangi nyingi zaidi za mwanga kwa pamoja. Ndiyo maana Planar, yenye vioo 6 katika makundi 4 na kwa hiyo nyuso 8 zinazogusa hewa, hutoa picha safi zaidi dhidi ya jua kuliko Sonnar yenye nyuso 6. Kwa mpiga picha wa ziwa hili, sehemu kubwa ya pesa anayoongeza kununua lenzi ya sasa inaenda kwenye utando huo, na kwa maoni yangu inaenda mahali panapostahili. Faida hiyo huonekana pia wakati wa kiangazi, moshi wa moto wa porini unapotanda na milima ya Kongo kukaribia kupotea: Planar huokoa mstari wa milima ambao Jupiter-8 huuacha uyeyuke.

Mwenye Jupiter-8 asikate tamaa hata hivyo. Kofia ya lenzi yenye uzi wa milimita 40.5 ni kitu cha bei ndogo na hurejesha sehemu kubwa ya kilichopotea, mradi jua lenyewe halimo ndani ya fremu. Ukikosa kofia, kiganja cha mkono kinachotupa kivuli juu ya kioo cha mbele kinatosha. Planar nayo huuzwa bila kofia, jambo ambalo kwa lenzi ya bei yake silioni kuwa la haki kwa mnunuzi.

Mjini, palipo na watu na kuta karibu, hukumu yangu inageuka. Jupiter-8 haikaribii chini ya mita 1 wakati Planar hufika mita 0.7, na pete yake ya uwazi huteleza bila vituo, hivyo inabidi kuitazama, tofauti na ya Planar inayogonga kila theluthi ya hatua na inayoweza kusomwa kwa kidole. Juu ya hayo, miundo ya Sonnar ina tabia ya kuhamisha fokasi kadiri uwazi unavyofinywa. Kwa Sony dawa yake ni kuweka fokasi kwa uwazi ule ule utakaopigia. Anayetaka kuifunga kwenye Leica ya kweli ajue pia kwamba Jupiter zilifuata vipimo vya Contax, renjifainda nyingine ya zamani, ambavyo havilingani sawasawa na vya Leica, na kwa hiyo kwa f/2 na umbali mfupi kidirisha kitamwonyesha fokasi ambayo filamu haitaipata. Pamoja na mapungufu hayo, sura ya mtu chini ya miembe ya Barabara ya Lumumba, au kwenye baraza ya nyumba ya Ujiji, hutoka kwenye lenzi hii ikiwa na upole ambao sijaupata kwenye Planar. Mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, niliyemwomba ruhusa ya kumpiga kwa lenzi zote mbili, aliziangalia picha nyuma ya kamera kwa makini, akagusa ile ya Jupiter-8. "Nitolee hii, mwanangu," alisema. "Ile nyingine imenionyesha mikunjo hata ile ambayo mimi mwenyewe siijui." Nimesafisha picha nyingi kwa programu ya kompyuta kutafuta alichokiona, na ngozi haifanani.

Kwenye milimita 35 hadithi ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ningeomba msomaji awe mwangalifu zaidi na pesa zake. Nilizipeleka lenzi hizo mbele ya stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani lililoko mwisho wa Reli ya Kati, reli iliyofika hapa mwaka 1914, kwa sababu mistari yake iliyonyooka huifichua haraka lenzi inayopinda vitu. Zote mbili zilinyoosha mistari hiyo kwa namna ya kupendeza, kama ilivyo sifa ya Biogon tangu mwanzo. Lakini kona za picha zilikuwa mbovu kwa zote mbili: majani ya miti yalivutika kama yaliyopigwa kwa kamera iliyotikisika, na ukuta mweupe ukageuka kuwa na wekundu upande mmoja. C Biogon, ambayo ni ya sasa na yenye utando wa T*, haikuokoka.

Kosa haliko kwenye umri wa lenzi. Mbele ya sensa ya Sony, yaani kipande kinachopokea picha badala ya filamu, kuna kioo cha kinga chenye unene wa karibu milimita 2, wakati katika Leica za dijitali kioo hicho hakifiki milimita 1. Biogon hukaa karibu sana na sensa, na mwanga wake huzifikia kona ukiwa umeinama mno. Ukipita katika kioo kinene kwa pembe hiyo, hupotea njia. Filamu haina kioo juu yake, na kwa hiyo Bertele hakuwa na sababu ya kuliwazia jambo hilo. Wekundu unaweza kuondolewa kwa kupiga karatasi nyeupe kwa lenzi na uwazi ule ule na kuiachia programu itoe tofauti, lakini kona zilizovutika haziponi kwa namna hiyo, na hata kwa f/11 hazikunyooka zote. Voigtländer ya Cosina inaonyesha kwamba suluhisho ni muundo mpya: Super Wide Heliar ya milimita 15 ilitoka mwaka 1999 kwa ajili ya filamu, ikasumbua kwenye sensa kwa rangi za zambarau pembeni, na toleo la tatu la mwaka 2015 lilisukwa upya, kioo cha nyuma kikiwa mbali zaidi na sensa, tatizo likatulia. Mwenye Sony anayetaka lenzi pana ya ziwa hana sababu ya kununua C Biogon, ingawa kwa mwenye Leica au mwenye kutumia filamu ningemsifia bila kusita. Jupiter-12 ningemshauri mtu aiache hata kama anapewa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa pamoja na kona hizo pete yake ya uwazi imezama ndani ya shimo linalozunguka kioo cha mbele, na ukifunga filta huifikii tena. Kioo chake cha nyuma nacho kimechomoza kiasi kwamba baadhi ya kamera haiingii kabisa, na bila kifuniko kirefu cha nyuma kitakwaruzwa mara ya kwanza ukiilaza mezani.

Kwa anayekwenda kununua Jupiter-8, umri wake ni rahisi kuujua, kwani kwenye lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo za namba yake ni mwaka iliyotengenezwa. Kilicho kigumu ni hali yake ya ndani. Fungua uwazi wote, elekeza tochi ya simu kutoka nyuma, na utazame ukiwa umeinamisha lenzi kidogo: vumbi halina madhara, ila nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi ni kuvu, na wingu lililotanda sawasawa ni mvuke wa grisi ya zamani. Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa grisi iliyokauka huifanya ikwame katikati. Kuvu ndiyo ya kuogopwa zaidi kwetu tunaoishi kando ya maji. Hushika utando na kuula, na lenzi mpya ya Zeiss haina kinga dhidi yake. Katika masika mimi huzihifadhi zote ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo navikausha kwenye jua mara kwa mara, na siziachi kamwe ndani ya mfuko wa ngozi.