The Terror darasani: zimwi linafaa, ulimi uliokatwa haufai

Ninafundisha historia, na riwaya hii ya kutisha ya Dan Simmons, iliyotoka 2007, niliinunua kwa ajili ya kazi. Inahusu msafara wa Sir John Franklin: meli mbili za Uingereza, Erebus na Terror, zilizong'oa nanga Mei 1845 kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada. Zilinaswa na barafu, na watu 129 hawakurudi. Simmons ameongeza zimwi linalowanyakua mabaharia mmoja mmoja.

Zimwi na historia wapi na wapi? Kwangu ndilo lililofanya kazi. Kwa kuwa hakuna mwanafunzi anayeliamini, anashuku na mengine yote. Makopo ya chakula kibovu ni kweli? Kula maiti je? Hapo nikatoa karatasi ya Victory Point, yaani ujumbe ambao msafara uliuacha pwani ya Aktiki Aprili 1848, yenye sahihi za manahodha Crozier na Fitzjames: Franklin alifariki Juni 11, 1847, wenzao 24 wamekufa, 105 waliobaki wameziacha meli na kesho wanaelekea Mto Back, kusini katika bara la Kanada. Yote hayo yamebanwa pembezoni mwa fomu. Binti mmoja akauliza: kwani huko hakukuwa na wenyeji?

Walikuwako, na hapa ndipo kitabu kinaponiudhi. Mhusika mkuu wa Kiinuiti, yaani wa wenyeji hao wa Aktiki, ni mwanamke asiye na ulimi, na mabaharia wanamwita Silence (Kimya). Katika historia Wainuiti walisema, tena waziwazi. Mwaka 1854 mvumbuzi John Rae alifikisha London ushuhuda wao kwamba wazungu wale walikufa njaa na mwishowe wakalana. Charles Dickens, mwandishi mkubwa kiasi kile, akaandika kwamba watu hao si wa kuaminiwa. Mifupa iliyochunguzwa baadaye ilikutwa na alama za visu, na mwaka 2024 vinasaba vilithibitisha kwamba taya moja lenye alama hizo ni la Fitzjames mwenyewe. Hata meli ya Terror ilipatikana mwaka 2016 baada ya Mwinuiti, Sammy Kogvik, kuwaelekeza watafutaji.

Kuhusu makopo, mwalimu aingilie kati. Riwaya inayabebesha lawama nzito, na ni kweli miili ya mabaharia wa msafara iliyofukuliwa kisiwani Beechey miaka ya 1984 na 1986 ilikuwa na madini ya risasi kwa wingi, yaliyodhaniwa kutoka kwenye lehemu ya makopo hayo, lakini tafiti za karibuni zimetilia shaka kwamba risasi ndiyo iliyowamaliza.

Baridi, kiseyeye na giza la miezi vimeandikwa kwa ustadi ambao kitabu cha kiada hakina. Ila kina kurasa zaidi ya 700 na baadhi ya matukio si ya watoto, kwa hiyo chagueni sura chache, na kwa wanafunzi wakubwa tu. Nitakitumia tena, lakini ripoti ya Rae tutaisoma kabla Silence hajaingia melini.