Uzoefu wangu: kushiriki makongamano ya bunilizi ya kisayansi nikiwa Lubumbashi

Mimi ni mwandishi chipukizi, ninaishi Lubumbashi, na makongamano ninayoyatathmini hapa nimeyahudhuria yote kwa njia ya mtandao, kwani viza na nauli ya ndege vingemeza fedha za kuchapisha kitabu kizima. Lililo kubwa kati yake ni Worldcon, lililoanza New York mwaka 1939, na ambalo wanachama wake ndio wanaopigia kura tuzo za Hugo, zinazotolewa kwa kazi bora za bunilizi ya aina hii.

Faida ya kwanza niliyoipata ni vitabu. Kabla ya kura, wanachama hutumiwa nakala za kielektroniki za kazi nyingi zinazoshindania tuzo, kwa idhini ya wachapishaji, na katika mji ambao riwaya mpya za aina hii hazipatikani madukani kwa urahisi, hilo peke yake linatosha kurudisha ada.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni mijadala. Katika mmoja, wazungumzaji walijadili uchimbaji wa madini mwezini: mashine, gharama, na Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967. Nilipopewa nafasi, nilizungumzia bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na mlima mweusi wa mabaki ya madini ulio kando yake, ambao watoto wa Lubumbashi wanazaliwa na kuukuta pale. Nikaeleza kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Marekani wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na kwamba mwaka 1977 kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi kutoka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Mjadala ukageuka. Watu wakaanza kuulizana ni nani atakayeishi jirani na mgodi wa mwezini, atakunywa maji gani, na atamdai nani mshahara wake. Hayo ndiyo maswali ya hadithi ninazoandika, na sikuwa nimewahi kuyasikia yakijadiliwa kwa uzito namna ile.

Vikao vidogo, ambamo mwandishi au mhariri huketi na wasomaji wachache, ninavipendekeza kuliko hafla za tuzo. Humo ndimo mhariri mmoja alimonieleza kwamba jarida linaloheshimika halimtozi mwandishi fedha ili lisome hadithi yake, na kwamba kiwango cha kitaalamu kinachotambuliwa na SFWA, chama cha waandishi chenye makao Marekani, ni senti 8 za dola kwa neno. Kwa chipukizi anayeombwa fedha na kila anayejiita mchapishaji, maelezo hayo ni kinga.

Upungufu upo. Karibu kila kitu huendeshwa kwa Kiingereza, jambo linalotuumiza sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Anayetaka Kifaransa aangalie Utopiales, tamasha la bunilizi ya kisayansi la Nantes, nchini Ufaransa. Umeme nao ulikatika nikiwa katikati ya kusoma hadithi yangu, na nilipounganishwa tena kwa simu, zamu ilikuwa ya mwingine. Betri iliyojaa na mega za kutosha za intaneti ni sehemu ya gharama.

Saa nazo zina uzito. Glasgow, mwenyeji wa Worldcon mwaka 2024, iko nyuma yetu kwa saa moja tu wakati wa kiangazi chao, ilhali kikao cha saa mbili usiku kule Seattle, mwenyeji wa 2025, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Mwandishi wa Katanga anayeanza ningemshauri achague kwanza kongamano la Ulaya, na asome ratiba kabla ya kulipa.